Mwaka Mtungi Ulipoganda

Binti yake alinipigia simu asubuhi, baada ya chai. "Shikamoo, mzee. Mimi ni Eliza wa Maramba, mtoto wa Yohana mhunzi. Baba amefariki. Tumemzika jana." Nikasema marahaba, nikasema poleni sana, nikasema sote njia yetu ni hiyo moja, maneno yale ambayo kinywa huyatoa chenyewe. Kisha nikamuuliza kwa nini hawakunipa habari mapema nikawahi maziko, maana kutoka hapa Makorora, Tanga, hadi Maramba si safari ya kumshinda mtu, hata mwenye magoti kama yangu. "Baba alisema uambiwe," akajibu. "Hakusema ualikwe."

Tangu siku hiyo sina raha. Hapa mtaani wananiita Fundi Salehe, na vijana wenye karakana zao ndogo za kufua vyuma hunijia wanapokwama. Wakiniambia kwamba mtungi wa gesi unaganda wakati tanuri linawaka, moto unafifia na kazi inasimama, nawaeleza la kufanya bila hata kuinuka kitini: uweke mtungi ndani ya maji ya vuguvugu, unganisha mitungi miwili kama kazi ni kubwa, punguza tundu la mdomo wa moto, na hata siku moja usiupashe mtungi kwa moto. Huondoka wakisema mzee huyu ana hazina. Hazina hiyo si yangu. Niliichukua kwa mtu, na namna nilivyoichukua ndiyo iliyonifanya niwe hivi nilivyo. Habari za kuzaliwa kwangu na za wazee wangu naziacha, hazina uzito hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru, na nilikuwa mhunzi katika karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Jina la shamba silitaji.

Mafundi tulilala wawili wawili. Chumba changu na Yohana kilikuwa na kuta za udongo zilizopakwa chokaa, dirisha moja dogo, na vitanda viwili vya kamba za mkonge ambazo tulizisuka wenyewe. Upande wake palikuwa na Biblia ya Kishambaa juu ya sanduku la bati. Upande wangu palikuwa na msala wangu, umekunjwa kwenye kona, naye alipofagia aliuinua kwanza akauweka kitandani pangu, asiutupie vumbi. Alinipita miaka kama kumi. Alikuwa mtu wa milimani, mpana wa kifua, mchache wa maneno, na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja kama mwali. Mimi nilimwita kaka, yeye aliniita mdogo wangu. Zamu yake ya kupika tulikula makande yaliyokaa motoni kutwa nzima mpaka maharage yamelainika. Zamu yangu nilisonga bada, ule ugali wa mhogo, kwa mchuzi wa papa mkavu, naye akinusa chungu akisema, "Nyie watu wa pwani mnakula samaki aliyekufa mara mbili," halafu akala kuliko mimi. Ramadhani ilipoingia hakuniruhusu kupika. Alitoka kazini moja kwa moja mpaka jikoni, akamenya mhogo, akakuna nazi, akaonja chumvi yeye kwa sababu mimi nilikuwa nimefunga, na mwadhini wa kambini alipoita futari ilikuwa tayari mbele yangu. Mikono yake ilikuwa mizito, imejaa makovu madogo ya cheche, lakini ilishika kijiko kana kwamba kimetengenezwa kwa yai. Mikono hiyo naiona hata nikifumba macho.

Mwaka huo shamba lilipata Mhandisi mpya. Alikuwa Mzungu mgeni katika nchi, na Kiswahili chake hakikuzidi maneno kumi, yote ya kuamrisha. Mimi nilikuwa nimesoma Tanga mjini mpaka Kiingereza kikakaa mdomoni, kwa hiyo tangu wiki yake ya kwanza nilikuwa ndio ulimi wa karakana. Jambo la kwanza aliloliona baya ni tanuri letu la mkaa. Alisema ni uchafu na kupoteza wakati. Akaagiza mitungi ya gesi, ile ile iliyokuwa ikitumika jikoni kwa wakubwa ila mikubwa zaidi, akatuchorea tanuri la chuma kinene lililojengwa ndani kwa matofali ya kuhimili moto, na lilipokamilika akaamuru la zamani livunjwe na mvukuto wake utupwe kwenye vyuma chakavu. Yohana aliutazama mvukuto ule ukiburutwa. "Muulize," akaniambia, "kwani tukiwa navyo vyote viwili kuna dhambi gani?" Sikumuuliza. Nilikuwa nimeshaanza kupenda kusimama karibu na Mhandisi, nikitikisa kichwa anapotikisa yeye.

Haya, tanuri la gesi tukaliwasha. Lilinguruma vizuri, moto wake wa buluu, na chuma kiliwiva upesi kuliko tulivyozoea. Siku ya kwanza tulifua vipande vidogo vidogo, hapakuwa na taabu. Siku ya pili tulianza kufua ndoana nene za kuunganishia matroli ya mkonge, kazi ya moto mkubwa usiozimwa, na haikupita saa moja ngurumo ikaanza kushuka. Moto ukageuka wa manjano, ukawa unakohoa. Nilifungua koki zaidi, ukazidi kufifia. Nilipogeuka kuutazama mtungi nikadhani macho yananidanganya: kuanzia katikati kushuka chini ulikuwa mweupe pee. Nje jua lilikuwa linapasua vichwa, sisi wenyewe tunachuruzika jasho, na mtungi umevaa kanzu nyeupe. Nikaugusa, ngozi ya vidole ikanata.

"Barafu!" nikasema.

"Si barafu, ni sakitu," Yohana akasema. Alichuchumaa akaikwaruza kwa kucha, akaitazama ikiyeyuka. "Kwetu, mwezi wa saba, hushuka mabondeni asubuhi na kuunguza viazi. Sikutegemea kuiona huku kwenu."

Habari zikaenea. Watu wa korona, ile mashine ya kusaga mkonge, waliacha zamu yao kuja kugusa. Wakataji wakaja na visu vyao, kina mama wa kuanika nyuzi wakaja wameshikana mikono, mmoja akasema chuma hiki kina pepo, mwingine akalamba kidole akasema hakina ladha. Mhandisi alipofika alitukana, akaamuru mtungi ubadilishwe. Tukabadilisha, nao wa pili ukaganda. Wa kwanza, baada ya kukaa juani, ulikuwa umepata nguvu tena, maana gesi ilikuwa bado imo. Ikawa hivyo siku nne: saa moja kazi, saa mbili kungoja.

Siku ya tano, tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta tunakula machungwa, Yohana aliniuliza, "Mdogo wangu, ukitoka kuoga mtoni ukasimama kwenye upepo, unasikia nini?"

"Baridi."

"Hata kama jua linawaka?"

"Hata kama linawaka. Mpaka nikauke."

"Basi. Maji yanapokauka mwilini yanaondoka na joto lako. Ukiutikisa mtungi unasikia maji ndani, sivyo? Ile ni gesi, imelala kama maji. Sisi tunaivuta iwe hewa, na kila inapogeuka hewa inanyang'anya chuma joto lake. Tunaivuta haraka kuliko mtungi unavyopata joto jingine. Kwa hiyo unaganda, na ukiganda gesi haina nguvu ya kutoka." Akalitupa ganda la chungwa. "Mtungi haukuharibika. Una njaa ya joto, basi. Tuulishe."

Mimi nilisema tuuwekee makaa chini. Akanikazia macho. "Usifanye hivyo hata siku moja. Gesi ikipata moto inavimba, na chuma hakivimbi. Tuupe maji. Maji ni mengi, ni mapole, na yana joto la siku nzima ndani yake." Akakata pipa la mafuta katikati, akalijaza maji ya bomba, ambayo kwetu hutoka yakiwa na uvuguvugu wake tayari, akausimamisha mtungi ndani na kuufunga kamba usielee. Akachovya kiwiko. "Yawe kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Yakipoa, chota toa, tia mengine. Kiwiko kikishindwa kuvumilia, yamezidi." Kesho yake akafanya lingine: akaunganisha mitungi miwili kwenye bomba moja, kila mmoja katika pipa lake, ili kila mmoja utoe nusu. "Gogo likiwa zito," akasema, "hubebwa na wawili." Tukawasha asubuhi, na mpaka king'ora cha saa sita tanuri lilinguruma sauti ile ile, na mitungi haikuota hata doa jeupe.

Mhandisi alikuja mchana akazunguka yale mapipa mara mbili, akachovya mkono ndani, akasoma kipimo cha gesi, akacheka. Yohana alikuwa fuaweni, ametupa mgongo, anapiga nyundo. Mhandisi akaniuliza kwa Kiingereza ni nani aliyelibuni jambo lile. Nimelirudia swali hilo moyoni mara nyingi kuliko dua yoyote. Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa hatua nne kutoka niliposimama, linatoka jasho. Sikulipanga. Nilifungua kinywa kumtaja Yohana, nikasikia Kiingereza changu kikisema, "Ni mimi, bwana." Akanipa mkono. Mzungu akampa mkono mhunzi mweusi mbele ya karakana nzima! Yohana aligeuka kwa sababu ya ule ukimya, akaona mikono yetu imeshikana, akatabasamu. "Amefurahi?" akaniuliza. Nikamwambia, "Amefurahi sana. Anakushukuru." Hivyo siku moja nilisema uongo mara mbili, kwa lugha mbili, na wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa kuwa yeye aliushukuru.

Haikuchukua wiki mbili nikafanywa msimamizi wa tanuri. Nikapewa chumba cha peke yangu chenye sakafu ya saruji na paa la bati, meza yenye viti viwili, na taa ya karabai. Mke sikuwa naye, wala mgeni wa kumkalisha kwenye kiti cha pili. Yohana alinisaidia kuhamisha kitanda. Siku chache baadaye nilirudi chumba chetu cha zamani kuchukua sufuria niliyoisahau. Kabla sijabisha nikasikia sauti ya Mzee Hemedi, mpishi wa Mhandisi, ambaye aliyasikia yote yaliyosemwa mezani kule juu.

"Yule mwenzako kasema kabuni yeye," Mzee Hemedi alisema. "Mzungu anawahadithia wageni, anamtaja kwa jina. Salehe hivi, Salehe vile. Wewe hutajwi."

Nilisimama nimeinua mkono, sijagusa mlango. Nilisikia kijiko kikikwaruza chungu. "Labda Mzungu hakuelewa," Yohana akasema. "Kile Kiingereza ni kigumu. Mtoto wa watu hawezi kusema neno kama hilo." Mpishi akaguna. Mimi nikageuka nikaenda zangu bila sufuria. Angenitukana ningepata pa kukasirikia, na mtu mwenye hasira hupona haraka. Alinitetea, na tangu siku hiyo sikuweza kumtazama. Nikawa mkali kwake. Nilimwita kwa jina tupu, bila kaka. Nilimsahihisha kazi asizokosea. Ndivyo ilivyo kwa mwizi, nimekuja kujua: humchukia aliyeibiwa, kwa sababu kila akimwona anakumbushwa.

Kiangazi kilikaza mwishoni mwa mwaka, na asubuhi moja mkono wa pampu kubwa ya maji ulikatika vipande viwili. Pampu hiyo ndiyo iliyolisha korona, kambi na karakana. Korona bila maji haisagi, na mkonge ukishakatwa haungoji: ulikuwa umelala kwenye matroli, mrefu kama ukuta, unanyauka. Ilibidi tufue mkono mpya siku hiyo hiyo. Ni chuma kinene, cha kuwiva saa nyingi, moto mkubwa bila kukatika. Lakini mapipa ya mitungi yalikuwa na maji ya jana tu, kidogo, na bomba lilikuwa kavu. Pampu ilihitaji tanuri, na tanuri lilihitaji pampu. Mkaa tungeweza kuupata, ila tanuri la mkaa lilikuwa limeshavunjwa.

Tukawasha hivyo hivyo. Kufika saa nne maji yale machache yalikuwa baridi kama ya kisima cha milimani, na sakitu ikaanza kupanda. Yohana akanijia. Aliongea kwa adabu, kama anavyoongea mtu na msimamizi wake. "Zima kwanza. Nipe vijana wanne na troli, nitakwenda mtoni. Baada ya saa mbili nitakuwa nimerudi na mapipa ya maji. Chuma kitangoja."

Mhandisi alikuwa amesimama pale, uso mwekundu, saa yake mkononi. Akaniuliza Yohana anasema nini, nikamwambia anataka kwenda mtoni. Akasema hana saa mbili za kumpa mtu yeyote. Kisha akanitazama, akasema njia hii ni yangu, mimi ndiye niliyeibuni, basi nimwambie tufanye nini maji yasipokuwepo. Hapo ndipo ule mkono alionipa ulipokuja kudai. Mbunifu wa kweli alikuwa amesimama karibu yangu, na jibu lake alikuwa ameshanipa. Mimi sikutaka Mzungu aone kwamba najibu kwa akili ya mwingine. Nikasema, "Tutaipasha kwa makaa kidogo, bwana." Akasema vizuri, anakwenda kula, akirudi aione kazi imekwisha. Akaondoka.

Nikaagiza karai la makaa. Yohana alipoona linaletwa aliinua mikono yote miwili. "Salehe, hapana. Nilikukataza."

"Mimi ndiye msimamizi hapa."

"Usimamizi wako sina ugomvi nao. Huo moto ndio nina ugomvi nao."

"Kama unaogopa, ondoka."

Alinitazama, akanitazama tena, akavua koti lake la turubai akalitundika msumarini. "Nakwenda mtoni," akasema. Akaondoka na wale vijana wanne, wanasukuma troli wakikimbia, na mimi nikautoa mtungi mmoja pipani, nikausimamisha juu ya mawe, nikalitelezesha karai chini yake kwa mikono yangu. Nalisema wazi, maana kwa miaka mingi sikuwahi kulisema: kwa mikono yangu.

Mwanzoni nilijiona nimeshinda. Sakitu ilikimbia kama ukungu, moto ukanguruma, chuma kikaanza kuwa chekundu. Saa zikapita, nikalisahau karai. Nilikuwa nimeinamia fuawe na wenzangu wawili, tunapiga, hata sikusikia mtungi ulipoanza kupiga mluzi. Juu yake palikuwa na tundu la kupumulia, lililotengenezwa lifunguke gesi ikizidi nguvu, nalo likafunguka. Gesi ikatoka kwa kishindo, ikakutana na moto, na palepale pakasimama mkuki wa moto uliogusa paa. Mmoja alipiga kelele. Mimi sikupiga. Nilitupa nyundo nikakimbia, nikawapita wote, nikajitupa nyuma ya ukuta wa stoo na uso wangu mchangani.

Kutoka pale nilimwona akija. Troli lilikuwa limefika na mapipa mawili madogo ya maji, vijana walikuwa wameliacha na kutawanyika. Yohana alilisukuma peke yake mpaka mlangoni. Aliingia, akalipiga karai teke makaa yakasambaa mbali, kisha akalikumbatia pipa moja na kulimwaga juu ya mtungi, akiwa chini ya moto ule, mikono yake imo ndani yake. Akarudi akachukua la pili. Maji yalipoupoza mtungi tundu likajifunga, na moto ukakatika kama uzi. Karakana nzima na sote tuliokuwa karibu tulibaki hai kwa sababu hiyo. Alitoka nje akitembea taratibu, mikono ameinyoosha mbele mbali na mwili, kana kwamba amebeba kitu cha mtu mwingine. Ngozi ilikuwa imening'inia. Upande mmoja wa uso wake haukuwa uso.

Siku ya tatu Mhandisi akaja zahanati kuandika taarifa. Chumba kilinuka dawa na ngozi iliyoungua. Yohana alikuwa amekalishwa kitandani, na dresa wa shamba, kijana mnyamavu aitwaye Mathiasi, alikuwa anambadilisha bendeji. Mhandisi akaketi na karatasi gotini, akaniambia nimuulize ni nani aliyeweka moto chini ya mtungi. Nikamuuliza. Yohana akasema pole pole, akinitazama kwa jicho moja lililokuwa wazi: "Mwambie ukweli, mdogo wangu. Mwambie moto uliuweka wewe, kwa kuwa yeye alikuharakisha. Mwambie mimi nilikataza, nikaenda kuleta maji. Sitaki uadhibiwe. Nataka tu ajue, wasije wakarudia."

Mhandisi aliinua kalamu akangoja. Nikasema kwa Kiingereza: "Anasema aliuweka yeye, alitaka kazi iishe haraka. Anaomba msamaha."

Mathiasi akaacha kufunga bendeji. Nilikuwa nimesahau kwamba madresa walifundishwa kwa Kiingereza. Aliniinulia macho, na mimi nikangoja aseme, na Mungu shahidi, sehemu moja ya moyo wangu iliomba aseme. Akamtazama Mhandisi, akaitazama ile karatasi, akainama akaendelea kufunga. Mhandisi, ambaye nilimtajia makaa akasema vizuri, akaandika bila kuuliza zaidi. Wale waliopiga nyundo pamoja nami hawakuulizwa chochote.

Yohana alifukuzwa kazi. Kwenye cheti chake paliandikwa kwamba ni mzembe, neno moja la Kiingereza na sahihi chini yake. Siku lori la kwenda kwao lilipokuwa linangoja, nilikwenda chumbani, sijui kwa nini, labda nionekane nimekwenda. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, mikono imefungwa mpaka juu ya viwiko, sanduku lake la bati mlangoni. Miguuni alikuwa na viatu, kamba zake zinaburuta. "Nifungie," akasema. Nikapiga magoti nikamfungia, kiatu cha kulia kisha cha kushoto, na hakusema neno lingine, wala sikuinua kichwa. Kisha akainuka akaenda kwenye lori.

Mimi nilipanda cheo. Karakana ikawa yangu, na Uhuru ulipokuja na Wazungu kuondoka nikawa mkubwa zaidi. Miaka kumi na sita ilipita kabla sijapata moyo wa kwenda Maramba, alikohamia na mkewe kulima. Nilimkuta uani ameketi kwenye kigoda. Vidole vyake vilikuwa vimeshikana pamoja kama vya bata. Alinikaribisha kama mgeni yeyote, akauliza habari za Tanga, na mkewe, mama wa huyu Eliza, akaenda kupika. Nilipoanza kusema nililojia, alinizuia.

"Najua," akasema. "Mathiasi aliniambia siku ile ile, ulipotoka tu mlangoni. Siku unanifunga viatu nilikuwa najua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa lugha gani? Nilingoja useme wewe. Hata pale chini, magotini, nilidhani utasema." "Basi leo sema. Mimi sihitaji kusikia. Mwambie mama Eliza. Nilimwambia mara moja, zamani, akaniuliza kama ni hivyo kwa nini karatasi inasema mzembe. Sikurudia tena."

Mkewe alikuja na sinia la wali na mboga, akaliweka mbele yetu, akaniletea maji ya kunawa. Nikamwambia aketi. Nikamweleza yote, toka swali la kwanza la Mzungu hadi la mwisho, na safari hii sikutafsiri vibaya. Alisikiliza ameshika birika. Nilipomaliza alimgeukia mumewe. "Miaka yote hii nakufunga vifungo vya shati," akasema, "nakulisha kwa mkono wangu mbele ya watoto, na nikichoka nakuambia umejichoma mwenyewe. Nawe unanyamaza tu." Yohana alitazama chini. Mama yule akaweka birika, akainama, akaliinua lile sinia kutoka mbele yangu, akaingia nalo ndani na kufunga mlango.

Nilingoja Yohana amwite. Hakumwita. Nikanawa mikono yangu ambayo haikuwa imegusa kitu, nikaaga, na hakuna aliyeitikia.